Mwanafunzi wa Mfano

Katika Jamhuri ya Tutafika, ujinga ulifutwa siku ya Jumatatu, saa nne na nusu asubuhi, kwa tamko la Waziri wa Elimu na Muonekano. Kufikia saa sita mchana hakukuwa na mjinga hata mmoja nchini, isipokuwa walimu, ambao taarifa iliwachelewea kidogo kwa sababu ya barabara.

Ilipowafikia, ilikuja kwa waraka. Waraka ulisema kwamba tangu siku hiyo masomo yote yatatolewa kwenye Mfumo wa Elimu Angani. Kwamba chaki ni silaha ya kizamani na ipelekwe kituo cha polisi kilicho karibu. Na kwamba kila mwalimu atahudhuria semina ya siku moja, ambayo akitoka humo atakuwa mtaalamu, apende asipende.

Mwalimu Mwanahawa Tindwa alikuwa amefundisha hisabati katika Shule ya Msingi Machimbo kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye kasoro moja iliyomnyima cheo mara tatu: akiambiwa jambo, alilihesabu kwanza. Siku polisi walipokuja na gunia la kukusanyia chaki, alitoa maboksi mawili na kutia sahihi. La tatu alilivika soksi akalisukumia ndani kabisa ya mkoba wake. Hakuwa na nia ya uasi. Kesho yake alikuwa na kipindi cha asilimia, basi.

Semina ilifanyika katika ukumbi wa Halmashauri, ambao ulikuwa umekatiwa umeme ili umeme usiishe. Mkufunzi alikuwa Bwana Zakayo Kandoro, Afisa Elimu Angani wa Wilaya, mtu mwenye tai nyekundu na vitambulisho vitatu shingoni, kimoja kikiwa cha kuthibitisha vile viwili. Kwa kuwa kompyuta haikuwaka, aliichora ubaoni kwa kipande cha chaki kilichotolewa kwa kibali maalumu.

"Hiki ni kioo," alisema. "Hapa ni mahali pa nywila. Wewe mama mwenye kilemba cha kijani, njoo ubofye."

Mwanahawa akaenda mbele, akagusa kile kiboksi kilichochorwa.

"Umebofya kwa nguvu!" Kandoro alifoka. "Tazama ulivyoharibu. Rudi ukae."

Akafuta mchoro, akachora kompyuta nyingine mpya. Hadi adhuhuri walimu wa wilaya ile walikuwa wameharibu kompyuta kumi na moja, na majina ya waharibifu yaliandikwa pembeni ili hatua zichukuliwe.

Baada ya chai, ambayo haikuwepo lakini muda wake ulizingatiwa, Kandoro aligawa kijitabu chenye jalada linalong'aa: *Vidokezo Kumi na Saba vya Manufaa kwa Mwalimu Atumiaye Mfumo*. Kidokezo cha Kwanza kilimtaka mwalimu atabasamu kabla ya kuingia, kwani Mfumo unatambua nyuso za wakaidi. Cha Tano kilieleza kwamba nywila lazima iwe na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, na jina la kiongozi mmoja aliye madarakani. Kiongozi huyo akitenguliwa, nywila ibadilishwe siku hiyohiyo. (Mwezi uliofuata kulikuwa na mabadiliko ya Baraza la Mawaziri, na walimu elfu arobaini walifungiwa nje ya elimu kwa wiki mbili.) Kidokezo cha Tisa kilikuwa kifupi: "Mtandao ukikatika, mwalimu asikatike." Na cha Kumi na Saba kilisema kwamba vidokezo vyote hivi ni vya hiari, na asiyevifuata atachukuliwa hatua kali.

Mwanahawa alinyoosha mkono. "Ndugu Afisa, shule yetu haina umeme."

"Kidokezo cha Tatu," alijibu Kandoro bila kuinua kichwa.

Alifungua cha Tatu. Kilisomeka: "Pasipo na umeme, mwalimu atumie mwanga wa uzalendo."

"Huo unachomekwa wapi?" aliuliza.

Walimu waliokaa karibu naye walianza kusogeza viti vyao, mmoja kulia, mwingine kushoto, hata akabaki peke yake katikati ya ukumbi kama mwenye ndui.

Shule ya Machimbo ilipewa kishikwambi kimoja, cha kuchajiwa kwa jua. Mwalimu Mkuu, Mzee Sospeta Lugoye, aliyebakiza miaka miwili kustaafu na kuogopa kila kitu ambacho kingeweza kutokea ndani yake, alikipokea kwa mikono miwili, akakifunga kwa kanga, akakitia kabatini na kupiga makufuli matatu. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu katika eneo lote la shule: juu ya paa la choo cha walimu, upande wa mashariki, mtu akisimama kwa mguu mmoja. Ngazi ikaegeshwa pale. Kila asubuhi walimu walipanga foleni, na aliyekuja kwa haja ya kawaida alionekana msaliti wa maendeleo.

Juu ya paa hilo ndipo wanafunzi waliposajiliwa. Kishikwambi kilikataa kupeleka majina, kwa hiyo Wizara iliagiza yasomwe kwa simu. Mwanahawa alipanda na daftari lake la darasa la saba, wanafunzi themanini na watatu. Upande wa pili wa simu, huko makao makuu, alikuwepo karani mwenye sauti ya mtu anayekula karanga.

"Taja."

"Baraka Songoro."

"Nimeandika. Mwingine."

"Neema Kihwele."

"Mwingine."

"Sijaona."

"Hujaona nini?"

"Sijaona Mtepa."

"Mwalimu, kama hujamwona, unamsajili wa nini? Subiri kwanza aonekane."

"Ndugu yangu, ndilo jina lake. Anaitwa Sijaona."

"Ndiyo, nimekuelewa, hujamwona. Naandika hapa: Mtepa, hajaonekana. Mwingine!"

Mguu wa Mwanahawa ulikuwa umekufa ganzi, na nyuma yake kwenye ngazi walimu sita walikuwa wakimpigia kelele amalize. Akataja mwingine. Alijiambia kwamba kosa dogo kama lile litarekebishwa kesho. Alikuwa raia wa Tutafika kwa miaka arobaini na mitano na bado aliweza kuwaza hivyo.

Sijaona Mtepa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mrefu, mwenye kovu juu ya nyusi lililoachwa na jiwe lililoruka. Mama yake alikuwa mpasua kokoto. Watoto wote wa Machimbo wasiofaulu darasa la saba waliishia kwenye kokoto; waliofaulu walikuwa wachache kiasi kwamba watu waliwakumbuka kwa majina. Mwanahawa alimtazama binti huyu kama mkulima anavyoutazama mche mmoja uliosalia baada ya ukame. Ukimpa hesabu alikurudishia jibu na swali juu yake.

Kila asubuhi Mwanahawa alivuta soksi mkobani, akatoa chaki na kufundisha huku Neema Kihwele akilinda mlango. Na kila jioni Mfumo ulitangaza kwamba mwanafunzi Mtepa, kwa siku ya sitini, kwa siku ya sabini, hajaonekana.

Sasa, ndani ya kishikwambi kile mlikuwa na mwanafunzi mwingine. Kila kishikwambi kilikuja naye kutoka kiwandani. Aliitwa Mwanafunzi Mfano, na kazi yake ilikuwa kufanyiwa mazoezi: mwalimu amwekee mahudhurio, ampe kazi, amsahihishie, ili ajifunze kubofya. Mfano hakuhitaji mtandao. Hakuhitaji dawati, wala uji, wala hakuuliza ruhusa ya kwenda nje. Mwalimu asiyebofya kitu kwa siku alipakwa rangi nyekundu kwenye Mfumo na jina lake kusomwa redioni baada ya matangazo ya vifo. Kwa hiyo Mzee Lugoye alitoa agizo la busara.

"Mfundisheni Mfano," alisema. "Huyo anafunguka wakati wote."

Wakamfundisha. Mwalimu wa Kiswahili alimpa insha na kumwandikia insha. Mwalimu wa sayansi alimpa mia kwa mia kwa sababu mia ilikuwa kitufe kikubwa kuliko vingine. Mwanahawa naye, tusimfiche, alimbofya Mfano dakika kumi kila asubuhi, akampa mia za sehemu na mia za desimali, kisha akaenda kwa watoto wake wenye makamasi. Aliona ni kama kumtupia mbwa mfupa upite. Madarasa mengine hayakuwa na hata hilo. Walimu walikizunguka kishikwambi ofisini tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho, na watoto walijifundisha wenyewe kupigana.

Wiki ya usajili wa mtihani wa taifa ilipofika, orodha ya Machimbo ililetwa. Mwanahawa aliipitia kwa kidole mara mbili. Majina themanini na mawili ya darasa lake yalikuwepo. La themanini na tatu lilikuwa la Mwanafunzi Mfano. Sijaona hakuwepo.

Alimchukua binti huyo asubuhi ileile, wakaenda wilayani.

Bwana Kandoro aliwapokea akiwa nyuma ya kompyuta yenye bendera ndogo. Sijaona alimwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Alimsikiliza Mwanahawa hadi mwisho, akabofya, akasoma, akajiegemeza.

"Dada yangu, huyu mtoto hayupo."

"Huyu hapa, Ndugu Afisa. Amekuamkia sasa hivi."

"Mimi namwona kwa macho, sikatai. Lakini macho si kumbukumbu za Serikali. Mahudhurio yake ni sifuri. Mtihani unataka asilimia themanini."

"Karani alikosea jina. Alidhani nasema sijamwona."

"Na ulisema nini?"

"Nilisema Sijaona."

"Basi karani hakukosea." Kandoro alitabasamu kwa upole wa mtu anayemfundisha mgonjwa jina la ugonjwa wake. "Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Na kile kijitabu nilichokupa, umesoma cha Kumi na Moja? 'Mwalimu asibishane na Mfumo mbele ya wanafunzi, kwani wanafunzi wanaweza kuelewa.' Nikuombe umtoe nje huyu... huyu mtu."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyeuchora Mfumo ubaoni," Mwanahawa alisema. "Ulikuwa wa chaki! Niliugusa kwa kidole hiki!"

"Na uliuharibu," alijibu Kandoro. "Jina lako bado ninalo."

Walirudi kwa miguu. Njiani Sijaona aliuliza, "Mwalimu, sifuri yangu walipataje? Kama sipo, wangeacha wazi. Sifuri lazima iwe ya mtu." Mwanahawa alimshika mkono, akatembea naye hivyo hadi njia panda, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanafunzi yeyote.

Huko makao makuu, kompyuta kubwa ya Wizara ilikuwa inatafuta mwanafunzi bora wa Jamhuri. Ilitafuta kwa haki, bila upendeleo wa kabila wala ujomba, jambo ambalo halijawahi kutokea nchini, na labda ndiyo sababu mambo yaliharibika. Ilimpata mmoja aliyehudhuria kila siku, pamoja na Jumapili na sikukuu, na kupata mia katika kila somo. Kwa herufi za dhahabu redio ilisoma, kama redio inaweza kusoma hivyo: Mwanafunzi Mfano, wa Shule ya Msingi Machimbo. Waziri angekuja mwenyewe kumpa cheti na nafasi katika Shule ya Taifa ya Vipaji.

Mzee Lugoye aliposikia alikaa chini, mahali ambapo hapakuwa na kiti.

Kandoro alifika siku iliyofuata, gari likiwa linazimika bado. "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mfano!"

Mzee Lugoye alifungua makufuli matatu, akakunjua kanga, akamwonyesha kishikwambi. Kandoro alikitazama. Hakuwa mjinga; ujinga, kama tulivyosema, ulikuwa umefutwa. Rangi ilimtoka usoni taratibu, ikaanzia kwenye paji.

"Sikilizeni," alisema. "Waziri ametamka redioni kwamba mtoto huyu yupo. Waziri hawezi kuwa mwongo, katiba hairuhusu. Kwa hiyo mtoto asipopatikana, mwongo atakuwa mmoja wenu." Akamgeukia Mwanahawa, na kwa mara ya kwanza akamtazama kama mtu anayemhitaji. "Wewe una mtoto asiye na nafasi. Mimi nina nafasi isiyo na mtoto. Mbona unanikodolea macho? Ukubwani hakuna atakayemuuliza alisoma kwa jina gani."

Mwanahawa alitamani kumtemea mate. Alilihesabu jambo lile, kama kawaida yake. Mtihani ungefanyika baada ya wiki tatu. Mwenye namba ya mtihani alikuwa Mfano. Shule ya Taifa ya Vipaji ilikuwa na maabara. Upande mwingine wa hesabu kulikuwa na nyundo na rundo la mawe.

"Nitamuuliza mama yake," alisema.

Mama Sijaona aliwasikiliza bila kuacha kazi. Alipiga jiwe, akaligeuza, akalipiga tena.

"Kabla ya huyu nilizika wanne," alisema mwishowe. "Huyu alipotambaa, bibi yake akasema, sijaona. Sijaona mtoto wa nyumba hii anayetambaa. Ndilo likawa jina. Leo mnataka nimwite nani?"

"Mfano."

"Mfano wa nini?"

Mwanahawa aliokota kokoto moja, akairudisha kwenye rundo.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Mtoto akila kwa jina la mwingine, shibe ni ya nani?"

"Ni ya tumbo lake, mama."

Yule mama aliweka nyundo chini na kumtazama binti yake aliyekuwa amesimama pembeni. "Umesikia. Kichwa ni chako, amua."

"Nitaenda," Sijaona alisema. "Nataka hiyo maabara. Lakini nikiulizwa hesabu, nitajibu sawasawa."

"Hakuna atakayekuuliza hesabu," Mwanahawa alimwambia. Kwa Waziri wa Elimu alikuwa na uhakika huo.

Siku ya sherehe, Machimbo ilipakwa chokaa hadi mawe ya njiani. Mbuzi waliondolewa, kisha wakarudishwa wachache wanene. Watu wote wa machimboni waliletwa uwanjani tangu alfajiri na kupangwa juani kwa urefu. Waziri, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Filimoni Majigambo, aliwasili saa nane akiwa na msafara wa magari kumi na manne na gari la kumi na tano lililobeba kiti chake.

Alihutubia kwa saa moja na robo. Alisema kwamba zamani mtoto alitembea kuifuata elimu, lakini sasa elimu inamfuata mtoto, na mtoto asipoonekana elimu inaendelea na safari. Alisema mataifa makubwa hayalali kwa wivu. Kisha akakohoa ili wapiga picha wajiandae.

"Na leo nawatangazia, ndugu wananchi: katika wilaya hii, mahudhurio ya wanafunzi yamefikia asilimia mia moja na sita!"

Makofi yalipigwa, Kandoro akiyaongoza kwa mikono juu kama mwanakwaya.

"Njoo, mwanangu," Waziri alimwita Sijaona, aliyevalishwa sare mpya yenye lebo bado shingoni. Alimwekea mkono begani na kipaza sauti mdomoni. "Mwanafunzi bora wa Jamhuri! Waambie wananchi, umefurahi kiasi gani kusikia asilimia hiyo?"

"Shikamoo, Mheshimiwa. Haiwezekani."

"Haiwezekani kueleza furaha! Mnasikia?"

"Haiwezekani kuzidi mia," alisema Sijaona kwa sauti ileile ya darasani, si ya ukorofi, ya mtu anayesahihisha tu. "Wanafunzi wakiwa mia na wote wakaja, wamekuja mia. Hao sita wametoka wapi?"

Kandoro aliacha mikono hewani. Mwanahawa, kwenye safu ya walimu, alihisi kitu cha moto kikimpanda kifuani ambacho hakukipa jina la hofu. Lilikuwa somo lake. Lile la asilimia, la kesho yake baada ya polisi kuchukua chaki.

Tabasamu la Waziri lilibaki mahali pake, ila macho yaliondoka. "Wewe mtoto unaitwa nani?"

Hilo nalo lilikuwa swali, na yeye alikuwa ameahidi.

"Sijaona."

"Hujaona nini?"

"Sijaona, Mheshimiwa."

Kisha sauti ya mwanamume, kutoka nyuma kabisa walikokaa wapasua kokoto, ikasema, "Hata sisi hatujaona!"

Mtu akacheka. Mwingine akadakia, "Hatujaona maji!"

"Hatujaona zahanati!"

"Hatujaona barabara toka mtuahidi!"

Na uwanja mzima, watu waliokaa juani tangu alfajiri bila hata kikombe cha maji, ukasimama na kuitikia kwa pamoja, hatujaona, hatujaona, wakipiga miguu hadi chokaa ikadondoka kwenye mawe. Waziri aliingizwa kwenye gari lisilo lake. Kiti chake kilisahaulika. Redio ya Taifa ilitangaza jioni kwamba wananchi wa Machimbo, kwa hisia kali, walisema hawajaona waziri kama yule.

Iliundwa Tume. Ilifanya kazi kwa siku nne na kutoa ripoti ya kurasa mia tatu. Ilibaini kwamba siku ya sherehe hakuna mwanafunzi aliyepanda jukwaani, kwani aliyedaiwa kupanda alikuwa hajaonekana tangu Januari. Kwa hiyo hakuweza kuadhibiwa, wala kusajiliwa. Mwanafunzi Mfano alithibitishwa kuwa bora, akapelekewa cheti chake kwa njia ya Mfumo, na muhula uliofuata aliongoza pia Shule ya Taifa ya Vipaji.

Mwanahawa, kwa bahati mbaya, alikuwepo. Alipatikana na hatia ya kuingiza mtoto halisi katika shughuli ya Serikali, akafukuzwa kazi. Barua aliletewa na Kandoro mwenyewe, ambaye alikuwa amepandishwa cheo kwa kuwahi kumfungulia Waziri mlango wa gari.

"Ningekuwa wewe ningejutia," alisema Kandoro.

"Ungekuwa mimi ungejua kugawanya," alijibu Mwanahawa, akaichukua barua na kumfungia mlango. Ndani alikaa kitandani, akalia kama mtu anayetapika, kwa hasira, bila utulivu wowote. Miaka kumi na tisa.

Asubuhi Mama Sijaona alikuwa mlangoni pake na binti yake na kifurushi.

"Ng'ambo ya mto kuna shule," alisema.

Ilikuwa kweli. Nchi jirani ilikuwa nyuma sana kimaendeleo, kwa hiyo shule zake zilikuwa bado na walimu. Mtihani wao ulikuwa baada ya miezi minne. Mwanahawa alimtazama yule mama, akamtazama binti, akaingia ndani kuchukua mkoba.

Walipita shuleni kuaga. Mzee Lugoye alikuwa juu ya paa la choo, kwa mguu mmoja, kishikwambi mkononi. Aliwaona, akawapungia kidogo kwa ule mkono mwingine, nusura aanguke.

"Mwanahawa," aliita kwa sauti ya chini, "usinihukumu. Miaka miwili tu."

"Sikuhukumu, mzee. Shuka ufundishe."

"Nikishuka mtandao unapotea," alisema, na alionekana kweli kutaka kushuka.

Mto haukuwa na daraja, ingawa ulikuwa na mabango matatu ya kuzindua daraja. Walivuka kwa mawe. Mkuu wa shule ya ng'ambo, Bi. Veronika Ashimba, alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hakuuliza nywila. Alimpa Sijaona karatasi ya hesabu kumi na kalamu, akaenda kukoroga uji wa watoto. Aliporudi alisoma majibu, akasoma tena, akamgeukia Mwanahawa.

"Nani amemfundisha huyu?"

"Mimi."

"Nina darasa la sita halina mwalimu wa hesabu tangu Machi," alisema Bi. Veronika. "Nyumba yenyewe inavuja, nakwambia mapema."

Wiki moja baadaye Neema Kihwele alivuka na baba yake. Baraka Songoro akafuata. Kisha wakaja kwa makundi, akina mama na ndoo kichwani, ndani ya ndoo madaftari. Kabla ya Desemba hapakuwa na mtoto hata mmoja katika Shule ya Msingi Machimbo. Madarasa yalibaki na mbuzi wale wanene.

Sijaona alifanya mtihani wa nchi ya watu na kuwa wa pili. Aliikasirikia ile nafasi ya pili kwa muda mrefu.

Siku moja, Mwanahawa akisahihisha madaftari ofisini, redio ya Tutafika ilisikika ikivuka mto. Waziri Majigambo alikuwa anakabidhi Kombe la Elimu. Mshindi alikuwa Machimbo: mahudhurio kamili, utoro sifuri, malalamiko ya wazazi sifuri, vurugu sifuri, na haikuwa imetumia hata kipande kimoja cha chaki. Mzee Lugoye alitajwa kwa sauti, na Waziri akaziagiza shule zote za Jamhuri ziige mfano huo kabla ya mwisho wa mwezi.

Bi. Veronika alikuwa amesimama dirishani. "Mwalimu Mwanahawa, hebu njoo utazame."

Upande wa pili wa mto, kwenye kilima, watu walikuwa wanateremka. Hawakuwa wa Machimbo. Machimbo ilikuwa imekwisha. Hawa walitoka vijiji vya mbali zaidi, na vumbi lao lilianzia mahali ambapo macho yalikoma. Mbele walitembea watoto.

Mwanahawa alijaribu kuwahesabu kwa kidole. Alipofika mia mbili na kumi aliacha, akafunga daftari lililokuwa mbele yake.

"Tutahitaji mbao za madawati," alisema, na akatoka kwenda kuwapokea.